Saint-Cirq-Lapopie bila gari: treni, basi na njia ya wavuta mashua

"Bila gari huendi." Karibu kila niliyemuuliza kuhusu Saint-Cirq-Lapopie alinijibu hivyo. Waliowahi kufika wakaongeza kwamba nusu saa inatosha: piga picha, nunua kikopo cha jamu, ondoka. Ushauri wote huo ni mbovu, na nauandikia haya kwa sababu ulinichelewesha miaka. Nimeshakwenda mara nne, sina gari wala leseni, na bado sijamaliza kukitazama kijiji kile.

Kiko kusini magharibi mwa Ufaransa, kimekaa juu ya jabali la chokaa kama mita 100 kutoka mto Lot ulio chini yake. Nyumba zake nyingi ni za karne ya 13 hadi ya 16. Zamani koo tatu za makabaila, Lapopie, Gourdon na Cardaillac, ziligawana jabali hilo na kujijengea ngome juu yake. Usitarajie kuzikuta. Mfalme Louis XI aliamuru zibomolewe mwaka 1471, na Henri wa Navarre, aliyekuja kuwa mfalme Henri IV, akamalizia mwaka 1580, mwaka uleule alioteka mji jirani wa Cahors. Zimebaki kuta vipande vipande kileleni, na hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuangalia bonde. Kilichosalimika ni nyumba za mafundi na wachuuzi, na kwangu mimi hizo zina thamani kuliko ngome.

Mlango wa kuingilia ni Cahors. Kutoka Toulouse treni huchukua saa moja na dakika kadhaa, kutoka Paris Austerlitz kama saa 5. Nauli ya Toulouse ni euro kama 20, ukinunua mapema inapungua. Ukishuka, usikimbilie basi. Daraja la Valentré liko dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni, na wengi hulipita bila hata kujua wamelikaribia. Lilianza kujengwa mwaka 1308 na kazi ikaendelea kwa miaka 70 hivi. Lina matao makubwa 6 yaliyochongoka na minara 3 ya mraba, maana lilikuwa daraja na boma kwa pamoja.

Tembea mpaka mnara wa kati kisha inua macho juu kabisa kwenye pembe. Kuna shetani mdogo wa mawe anayeng'ang'ania jiwe. Wenyeji husimulia kwamba fundi mkuu, alipoona kazi haiishi, alipatana na shetani: amsaidie ujenzi kwa lolote atakaloamriwa, naye atampa roho yake. Daraja lilipokaribia kwisha, fundi akamwagiza akawaletee wajenzi maji kwa chekecheo. Shetani akashindwa, na tangu hapo kila usiku akawa anang'oa jiwe moja la pembeni mwa mnara ule. Mwaka 1879 msanifu Paul Gout, aliyekuwa akikarabati daraja, akaweka pale jiwe jipya lenye sanamu ya shetani aliyenaswa vidole. Bila darubini ndogo au kamera ya kuvuta karibu hutamwona vizuri.

Kama una saa moja zaidi, vuka mji upande wa pili ukaone kanisa kuu la Saint-Étienne. Lina kuba mbili, kila moja upana wake kama mita 18, na Papa Calixtus II alitabaruku madhabahu yake mwaka 1119. Ingia pia uzunguke nje hadi mlango wa kaskazini, uone Kupaa kwa Yesu kulivyochongwa katika jiwe la nusu duara juu ya mlango.

Sasa basi. Basi la kwenda upande wa mji wa Figeac huanzia stesheni na hufuata barabara ya ukingo wa kulia wa mto. Nauli ni euro mbili tatu. Tatizo ni ratiba, nami ilinishinda safari ya kwanza ingawa nilidhani nimeisoma. Inaandikwa kwa saa 24, hivyo sisi tunaohesabu Kiswahili tutoe 6: 14h ni saa 8 mchana, 17h ni saa 11 jioni. Hilo nililijua. Nisilolizingatia ni maandishi madogo chini ya kila safu. Kuna safari za siku za shule tu, kuna za likizo tu, na kuna zenye maneno "sauf dimanches et fêtes", yaani isipokuwa Jumapili na sikukuu. Nilikwenda tarehe 15 Agosti. Nilijua ni siku ya Kupalizwa Bikira Maria, lakini halikunijia kwamba Ufaransa nzima hupumzika siku hiyo. Basi la asubuhi lilikuwepo. La jioni, nililolitia alama kwa kalamu nyekundu, halikuwa la sikukuu.

Makosa hayakuishia hapo. Nilishukia Tour-de-Faure, kituo ambacho kila mtu hukitaja, nikavuka daraja na kupanda kwa barabara ya lami saa 7 mchana. Kupanda huko ni nusu saa au dakika 40, haba kwa mtu mwenye miguu mizima, lakini mwezi wa Agosti jiwe jeupe la chokaa hukurudishia jua usoni, kivuli ni kidogo, na magari yanakupita kwenye kona zisizo na nafasi ya mtembea kwa miguu. Chupa yangu ya nusu lita iliisha nikiwa katikati. Nikafika juu saa 8 na robo. Mikahawa ya vijijini hufunga jiko saa 8 mchana, na ukichelewa dakika chache utauziwa aiskrimu tu. Vichochoro vilikuwa vimejaa watu bega kwa bega. Nilikuwa tayari kuandika kwamba wale washauri walisema kweli.

Basi lilipokosekana ikanibidi nitafute kitanda, na nikapata chumba cha mwisho katika nyumba ya wasafiri kwa bei iliyoniuma. Saa 1 jioni magari yakaanza kushuka. Saa 2 kijiji kilikuwa kitupu, na kiangazi mwanga bado upo mpaka saa 3 na zaidi. Jua la chini liligeuza ukuta wa kanisa kuwa rangi ya asali, na ikasikika sauti ya maji yakipita kwenye lambo la kinu kule chini mtoni. Tangu siku hiyo nafika jioni, nalala, naondoka asubuhi kabla magari hayajarudi.

Na sifiki tena kwa barabara. Hii ndiyo njia yangu, na sijaona anayeishauri kwa wasio na gari: shuka basi mapema, kituo cha Bouziès. Upande huo wa barabara, ukutani mwa genge, utaona boma lililojengwa ndani ya pango. Wenyeji huliita ngome ya Waingereza, kumbukumbu ya Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, maana mkataba wa Brétigny wa mwaka 1360 uliwapa Waingereza nchi hii yote ya Quercy. Vuka daraja jembamba la kuning'inia, kisha geuka kushoto ukifuata mto kuelekea juu, maji yakiwa mkono wako wa kushoto na jabali mkono wa kulia.

Baada ya muda mfupi jabali linashuka mpaka majini, na njia inaingia ndani yake. Hapo karne ya 19 watu walichonga mwamba wenyewe wakatoa ujia mrefu wenye dari ya jiwe, ili mashua bapa za mizigo ziweze kuvutwa kwa kamba kupanda mto. Pitisha mkono ukutani usikie alama za patasi. Mbele kidogo utakuta nakshi ndefu ya samaki, makombe na mawimbi. Usidanganyike kuwa ni ya kale: aliichonga Daniel Monnier miaka ya 1980.

Kutoka Bouziès hadi kijijini ni kilomita 4 na ushei, saa moja na nusu kwa mwendo wa kutazama. Nusu ya kwanza ni tambarare yenye kivuli, halafu njia inaacha mto na kupanda. Alama ni mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa kwenye miti na mawe. Ukiona rangi hizohizo zimepishana kama msalaba, umepotea, rudi. Ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000 inatosha kabisa, sentimita 1 ni mita 250. Viatu viwe na soli yenye meno: chokaa iliyosuguliwa na nyayo huteleza kama sabuni ikinyesha. Mto ukifura au mawe yakidondoka njia hufungwa, kwa hiyo piga simu ofisi ya utalii siku moja kabla. Maji lita moja na nusu kila mtu, si nusu lita.

Ukifika, anza na sakafu ya chini ya nyumba. Matao makubwa ya mawe usawa wa barabara yalikuwa karakana na maduka. Majina ya vichochoro bado yanataja kazi: Pélissaria ni ya wenye ngozi, Peyrolerie ni ya wafua masufuria. Walioupa mji jina zaidi ni mafundi wa kukereza mbao, na bidhaa yao kubwa ilikuwa bilula za mapipa ya mvinyo. Inua macho utazame ghorofa ya juu: hapo jiwe linaacha nafasi kwa kiunzi cha mbao kilichojazwa matofali, nacho kinajitokeza nje kuliko ukuta wa chini. Kiwanja kilikuwa finyu, basi nafasi ikatafutwa hewani. Mapaa yana mteremko mkali sana na vigae vya kahawia. Mshairi André Breton alikiona kijiji hiki mwaka 1950, na mwaka uliofuata akanunua nyumba hapa.

Chakula cha njiani nanunua Cahors kabla ya kupanda basi: mkate, jozi, na jibini ya Rocamadour, vidonge vidogo vya maziwa ya mbuzi vya gramu 35 hivi. Vifunge kwa karatasi, si mfuko wa plastiki, la sivyo jua litavifanya uji.

Siku ya pili wengi huenda pango la Pech Merle, karibu na Cabrerets, lenye farasi wa madoadoa waliochorwa maelfu ya miaka kabla ya daraja lolote nililolitaja. Ndani ni nyuzi 12 mwaka mzima, chukua sweta, na agiza tiketi mapema kwani wageni kwa siku hawazidi 700. Kutoka Bouziès kunafikika kwa miguu. Bonde la mto Célé kwa juu, mpaka abasia ya Marcilhac ambayo nusu yake haina paa, hapo nakubali: tafuta baiskeli au mwenye gari.

Uwandani juu, kwenye miti ya mialoni mifupi, vaa suruali ndefu na uichomeke kwenye soksi kwa ajili ya kupe. Jioni jikague nyuma ya magoti.

Asubuhi ya kuondoka nashuka kwa ile barabara ya lami iliyonitesa. Saa 1 bado ina kivuli na haina magari. Nafika kituo cha Tour-de-Faure dakika 15 kabla, nasimama upande wa Cahors, na basi likitokea nanyoosha mkono, kwa sababu dereva asiyeona mkono hupita.