Nilivyopima ini kwa mate, tena Moshi kwenye kahawa

Anayesema utafiti wa dawa na ini haufanyiki bila maabara ya mabilioni aje aniulize mimi. Nimeufanya kwa mate, vidonge vya kafeini na deli la barafu nililoazima kwa muuza samaki.

Nilitaka kujua mgonjwa ambaye ini limesinyaa, kwa homa ya ini B au pombe ya miaka mingi, bado anavunja dawa kiasi gani. ALT na AST, vile vipimo vya damu vya kawaida vya ini, vinakwambia ini linaumia, havikwambii limebaki na nguvu gani. Wapo ambao ini limechakaa na ALT inasoma vizuri tu. Kafeini inajibu, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 yake huvunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini, CYP1A2. Kwa mtu mzima mwenye afya hupungua nusu kwa saa 5 hivi. Ini likisinyaa sana yaweza kupita siku nzima. Kiwango cha kwenye mate hufuatana na cha kwenye damu, sasa sindano ya nini? Mchome mtu mara kadhaa kwa siku moja uone, kesho mtaa mzima unasema unauza damu.

Mkubwa mmoja kazini akanishauri: "Wape kahawa tu dada, si mko Kilimanjaro?" Nikawapa. Mate ya mwanzo yakasoma kafeini ya kutisha, kumbe kahawa imebaki mdomoni, na mzee mmoja alikuwa na meno ya bandia yaliyoihifadhi vizuri kabisa. Nikahamia vidonge, vikagharimu elfu kadhaa zaidi, na yale mahesabu ya kubana matumizi yakafa hapo hapo. Baada ya kumeza, mtu asukutue.

Kufunga kahawa toka jana yake nako kuna vituko. Meku mmoja, mzee wa Kichaga wa Uru, aliapa hajaigusa. Sampuli yake ya kabla ya kidonge imejaa kafeini. "Kahawa sijanywa, mwanangu. Nimekunywa chai." Tangu hapo nauliza, "Asubuhi umekunywa nini?" na soda ya kola naitaja kwa jina.

Wanaotumia dawa za kupunguza maji tumboni midomo hukauka, mate hayatoki. Nilinunua ndimu Mbuyuni nikawa naikata taratibu mbele yao, karibu na pua. Kuwawekea mdomoni, hapana, sikutaka tindikali kwenye sampuli. Kichupa kinajaa huku mgonjwa anacheka.

Ila ninayejivunia ni fundi mmoja wa Pasua. Alikuja kwa miguu yake, anatania manesi, albumini yake (protini ya damu inayotengenezwa na ini) nzuri, halafu kafeini toka asubuhi hadi jioni haijashuka hata kidogo, kama ya mtu mahututi. Mtu wetu wa takwimu akasema nimtoe kwenye hesabu, anaharibu mchoro. Nikakataa. Nikamwita fundi: una dawa nyingine? Hana. Nikamwambia kesho aje na kila kidonge kilichopo nyumbani. Akaja na bahasha: propranolol, dawa za kupunguza maji, na chini kabisa karatasi ya sipro, yaani antibiotiki ya ciprofloxacin, iliyobaki nusu, kainunua duka la dawa kwa ajili ya mkojo. "Hiyo siyo dawa ya ini, daktari, ndiyo maana sikuitaja."

Sipro huziba CYP1A2 barabara. Ini lake halikuwa mahututi, lilikuwa limefungwa mlango. Alipomaliza dozi tukasubiri, tukarudia, kafeini ikateremka bila shida. Na kama angekuwa na pumu anameza aminofilini, inayotegemea kimeng'enya hicho hicho, dozi yake ya kawaida ingeweza kumletea degedege. Yule wa takwimu hajalizungumzia tena.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huchelewesha kafeini, waulizeni akina mama bila kuona haya. Sigara hufanya kinyume, inaharakisha, kwa hiyo mvutaji aweza kuonekana ana ini zima kuliko alilonalo. Nyama iliyochomwa kwa mkaa pia huharakisha. Ndiyo maana fomu yangu ina swali la nyama choma. Wagonjwa wengi hunishangaa, isipokuwa wanaotoka Arusha: wao wananitajia hadi baa.