Bi mkubwa alipona presha, jicho likabaki

Mwaka juzi mwishoni bi mkubwa wangu alitoka kliniki ya macho na neno moja tu kichwani, presha. Siku hiyo sikwenda naye, nilikuwa kazini huku Dar, kaenda na binti wa jirani, jioni nampigia kumuuliza vipi wamesemaje akanijibu kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Aah mwanangu si kitu kikubwa, ni presha tu, imepanda mpaka ikaingia machoni."

Na mimi nikakubali! Hapo ndo najilaumu mpaka leo. Nikamwambia basi punguza chumvi mama.

Akapunguza chumvi kweli. Akaanza na juisi ya choya kila jioni, akatafuna vitunguu saumu mpaka wajukuu wakawa wanamkimbia, na kila Ijumaa akipita duka la dawa pale sokoni anakaa kwenye stuli anafungwa kile kitambaa mkononi anapimwa. Baada ya kama miezi miwili hivi kanipigia kwa furaha kabisa, imesoma 124 kwa 78, yule kijana wa duka la dawa kamwambia mama uko vizuri kama binti. Basi na matone ya macho aliyopewa akayaacha. Kwa nini aendelee nayo wakati presha imeshashuka? Kichupa nimekuja kukikuta kwenye friji nyuma ya chupa ya siki, kimebaki karibu nusu na muda wake wa kutumika ulishapita zamani.

Sasa ngoja nieleze nilichokuja kukielewa nilipoenda naye mwenyewe mara ya pili, maana naona kuna wengi wetu tuna wazazi wenye "presha ya macho" na wanakula choya.

Presha ya macho na presha ya damu ni vitu viwili tofauti, ila vimepewa jina moja, na hata kipimo chake ni kilekile, zote zinasomwa kwa milimita za zebaki, kwa hiyo ukipewa namba kwenye karatasi si rahisi kujua ipi ni ipi. Ndani ya jicho, kule mbele, kuna maji yanatengenezwa muda wote na yanatoka muda wote kupitia kijinjia chembamba. Haya siyo machozi, machozi yako nje. Njia ikiziba au ikiwa nzito maji yanajaa, kama sinki lililoziba na bomba limeachwa wazi, ila jicho haliwezi kufurika kwa hiyo linabanwa kutoka ndani, na kinachoumia ni ule mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo. Kawaida inatakiwa iwe kati ya 10 na 21, bi mkubwa jicho la kulia lilisoma 31. Hiyo 124 kwa 78 ya duka la dawa ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kinachonitisha ni kwamba haiumi. Aina iliyo ya kawaida kwetu inakula kidogokidogo, inaanza pembeni, katikati unaona vizuri tu, unasoma msahafu, unachambua mchele, halafu unagonga bega kwenye mlango na unasema nyumba imekuwa ndogo. Bi mkubwa alikuwa anagonga bega. Tulikuwa tunamcheka. Na kilichopotea hakirudi, yale matone hayafufui kitu, yanazuia tu kinachobaki kisiondoke. Halafu eti kuna watu wana ugonjwa huohuo na presha yao ya jicho iko kawaida kabisa, hebu niambie hao tuwaite wana presha ya macho isiyo na presha?

Jina lake la hospitali ni glakoma. Najua watu wanasema lugha ya kitaalamu inawachanganya wazee, na mimi nilikuwa kwenye hilo kundi. Nimehama. Kama yule dokta wa kwanza angemwambia "mama una glakoma", bi mkubwa angeuliza hiyo ndo nini, na hapo maelezo yangeanza. Alipoambiwa presha hakuuliza kitu kwa sababu presha anaijua, wenzie wote wanayo, kila mtu mtaani ana dawa yake. Neno geni linakufanya uulize. Neno unalodhani unalijua linakurudisha nyumbani na jibu lisilo lako.

Tangu hapo nimekuwa kama mgonjwa wa maneno haya, nikikaa kwenye benchi la kliniki nasikiliza watu. Mtoto wa jicho kwa mfano. Lenzi ya ndani ya jicho inapata ukungu, inakuwa kama kioo cha bafuni baada ya kuoga maji ya moto. Basi. Hakuna mtoto hapo. Lakini kwa kuwa tumeliita mtoto, watu wanamsubiri akomae. Nimekaa na mzee mmoja kaja na macho yote mawili hayaoni, anasema tangu zamani aliambiwa mtoto bado mchanga, asubiri. Na ni kweli zamani walikuwa wanasubirisha, upasuaji wa wakati ule ulitaka ukungu wa lenzi uwe umekomaa vizuri, siku hizi likianza kukuzuia kufanya shughuli zako wanatoa wanakuwekea lenzi ya bandia maisha yanaendelea. Hiyo lenzi ya bandia ya kwanza kabisa iliwekwa London mwaka 1949 na dokta anaitwa Harold Ridley, aliona marubani wa vita waliopata vipande vya plastiki ya kioo cha ndege machoni na macho hayakukataa ile plastiki, akajiambia basi tunaweza kutengenezea lenzi. Mimi hii habari ilinifurahisha nikamsimulia bi mkubwa, akasema kwa hiyo wenye mtoto wa jicho wanawekewa ndege. Haya.

Shangazi yangu yuko Maskati, yeye alivyopimwa kule kwa Kiarabu aliambiwa ana maji meupe, ndo wanavyomwita mtoto wa jicho wao, na glakoma ni maji ya bluu. Akapiga simu analia kwamba jicho limeingia maji. Na Wazungu nao neno lao la mtoto wa jicho limetoka kwenye Kilatini cha maporomoko ya maji, watu wa kale waliamini kuna maji yanateremka mbele ya mboni. Kwa hiyo kila mtu kakosea kwa namna yake, sisi tukaona mtoto.

Na hapo bado mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nalo, yaani unamsikia nesi anasema "mtoto ana mtoto wa jicho", wewe mzazi unakaa hivi. Ila hapo hakuna utani, ukimwona mtoto mboni yake inang'aa nyeupe kwenye picha au ukimtazama, peleka hospitali wiki hiyohiyo, inaweza kuwa hilo au ikawa saratani ya jicho, na vyote viwili havitaki kungojwa.

Kuna kingine watu wanakichanganya na mtoto wa jicho, kile kinyama kinachotambaa kutoka kona ya jicho upande wa pua kuelekea kwenye cheusi. Waendesha bodaboda na wavuvi wanacho sana, jua na upepo na vumbi. Kile kiko juu, nje, unakiona kwenye kioo. Mtoto wa jicho yuko ndani. Nimemsikia jamaa anabisha na nesi kabisa, "mimi nina mtoto wa jicho huyu hapa namwona", na nesi wa watu kachoka.

Turudi kwenye mshipa maana hapa ndo nilitaka kucheka mbele ya dokta. Anamweleza bi mkubwa, mama mshipa wako umeanza kunyauka. Bi mkubwa akanitazama kwa aibu. Sisi watu wa Tanga ukisema mshipa mzee wa kiume anajua unasema ngiri, na mabusha hayako mbali na hapo! Halafu mshipa huohuo ndo wa damu, ndo wa fahamu, na ukijikunja vibaya asubuhi unasema nimekamatwa na mshipa wa shingo. Neno moja linafanya kazi ya watu wanne. Dokta akaona, akasema sawa, tuseme waya, jicho ni kamera na huu ni waya wa kupeleka picha kichwani. Hapo akaelewa, akauliza swali zuri kuliko mimi: "Waya ukikatika fundi anaunga?" Dokta akasema huu hauungwi mama. Kimya kikatanda mle ndani.

Masikio nayo yana yake. Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka minne, mafua hayamuishi, sikio likaanza kutoa usaha, wakampeleka na kaambiwa na mhudumu mmoja kwa haraka kwamba sikio limetoboka. Dada akawaka! Nani kamtoboa mwanangu, huyu wa kiume sisi hatutogi watoto wa kiume, anamgeuzageuza mtoto anatafuta tundu la hereni. Kumbe kilichotoboka ni kiwambo, kile kingozi cha ndani. Sikio kwetu ni lile la nje la kuvutwa na mwalimu, na ni lote mpaka ndani, neno lilelile.

Kiwambo sasa ni neno ninalolipenda, hili wazee walijua wanachofanya. Limetoka kwenye kuwamba, unavyoivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma mpaka ikaze, na mle ndani ya sikio kuna kangozi kamevutwa hivyohivyo, sauti ikikapiga kanatetema, nyuma yake kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, hicho kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 tu. Ukimwambia mpwa wangu kwamba ana ngoma na nyundo sikioni anaelewa bila shule. Na anaelewa kwa nini hatakiwi kuchokonolewa na njiti ya kiberiti, ngoma ikitobolewa nani ataicheza? Tundu dogo mara nyingi linaziba lenyewe likiachwa likauke, ndo maana walisema asiingie maji humo na tusitie mafuta ya moto wala sijui maji ya kitunguu ambayo tayari bibi yake alishayaandaa kwenye kijiko.

Hata kizunguzungu kinatokea humo. Sehemu ya ndani kabisa ya sikio ndo inakuambia umesimama au umelala, ikivurugika dunia inazunguka. Na mtu akipata kizunguzungu mtaani kwetu anaambiwa nini? Presha. Tumerudi palepale.

Ile Januari ya 2024 macho mekundu yalipoishika Dar nilikuwepo, ofisini tulibaki watano. Kila mtu alikuwa na dawa, chai ya rangi, maziwa ya mama anayenyonyesha, wengine mkojo jamani. Ule ulikuwa wa virusi na wengi ulipita wenyewe. Ila jina likabaki, sasa hivi kila jicho jekundu ni "ule wa virusi utapita", wakati wekundu ni rangi tu, kuna jekundu la vumbi, la kidonda kwenye kioo cha jicho, kuna hata glakoma ya ghafla inayokuja na maumivu ya kichwa na kutapika na hiyo haikupi wiki ya kusubiri.

Na methali nayo, ukipenda chongo utaita kengeza. Tunaisema kwenye mapenzi tunacheka, kwamba kengeza si kitu. Kwa mtoto ni kitu. Jicho lililopinda ubongo unaamua kulipuuza, linakuwa jicho vivu, na likiachwa mpaka mtoto amekuwa mkubwa hata ukilinyoosha halioni vizuri. Nina rafiki alikuwa anaitwa Makengeza tangu chekechea, jina la utani la upendo kabisa, hakuna aliyewaza kumpeleka popote. Sasa ana jicho moja la kazi. Chongo kweli.

Kitu kimoja cha pembeni, wenyewe wanaohusika wamechagua majina tofauti na inanivutia. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, hawalionei aibu neno kiziwi, wanachokikataa ni kuitwa bubu. Wa macho wao chama chao ni Chama cha Wasioona, kipofu wameliacha.

Bi mkubwa sasa anasema gilakoma, na ile gi anaivuta. Matone anatia baada ya swala ya alfajiri na baada ya magharibi, hasahau, na akikutana na mwenzie sokoni mwenye "presha ya macho" anamkalisha chini. Kaniamrisha na mimi nikapime kwa sababu inatembea kwenye ukoo, nimepima, 16 na 17, bado salama, mwakani tena.

Wiki ijayo ana kile kipimo cha kuangalia upande, unaingiza uso kwenye kitu kama bakuli kubwa jeupe unashika kitufe. Mara iliyopita walimwambia akiona nukta ya mwanga abonyeze, akabonyeza mfululizo kama mtoto na gemu mpaka mashine ikagoma. Nimemuuliza kwa nini, akasema alikuwa anahesabu nukta, si nukta ni sekunde? Nimemwambia mama ni kitone, kitone cha taa. "Sasa si wangesema."