Mgeni wa Siku Kumi: Nilivyomsindikiza Ganpati mjini Pune

Kwetu Tanga husemwa kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa Pune, mji wa India nilikokuja kusoma, nimemwona mgeni aliyekaa siku kumi bila kushikishwa hata ufagio, na siku ya kuondoka mji mzima ukamsindikiza kwa ngoma. Mgeni huyo ni Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, ambaye watu wa Maharashtra, jimbo ulipo mji huu, humwita Ganpati, na kwa mapenzi zaidi Bappa, yaani baba.

Sanamu yake huingizwa nyumbani siku ya Ganesh Chaturthi, kati ya Agosti na Septemba, na tangu asubuhi hiyo mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tunamwita Kaku, hakutoka jikoni. Alikuwa akipika modak: unga wa mchele uliosongwa kwa maji ya moto, ukajazwa nazi iliyokunwa, sukari guru na iliki, ukafinywa kwa vidole hadi ukawa na umbo la kitunguu saumu, kisha ukaivishwa kwa mvuke. Mimi ni Mwislamu, na nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kukataa kwa adabu chakula kilichotolewa kwanza mbele ya sanamu. Kumbe Kaku alikuwa ameniwekea sita kando, chini ya kawa. "Hizi ni zako, mwanangu," aliniambia, "hazijafika kwa Bappa." Nazi na sukari guru! Nilikula zote nikiwa nimesimama.

Siku ya mwisho, Anant Chaturdashi, ambapo sanamu huagwa kwa kuzamishwa majini, mwenzangu wa darasani alinipeleka Laxmi Road, ambako maandamano huanza asubuhi na mara nyingi huendelea hadi kesho yake. Ganpati wa mtaa wa Kasba ndiye hutangulia, akifuatwa na wengine wanne wenye heshima ya pekee mjini, akiwemo wa Kesari Wada, nyumba aliyoishi Lokmanya Tilak, mpigania uhuru wa India. Tilak ndiye aliyehimiza mwaka 1893 kwamba sherehe iliyokuwa hasa ya majumbani ifanywe hadharani, wakati ambapo watawala wa Kiingereza walikuwa wakiitilia shaka mikusanyiko ya kisiasa. Watu waliokuja kumwona Bappa wakapata nafasi ya kuonana.

Nilikusudia kutazama kwa mbali, lakini barabara ile haina mbali. Vikundi vya wapiga ngoma, viitwavyo pathak, hupita vikiwa na makumi ya vijana, wasichana kwa wavulana, kila mmoja amejifunga kiunoni dhol kubwa kama pipa, huku wapigaji wa tasha, ngoma ndogo ya shingoni, wakiwaongoza kwa fimbo nyembamba. Nimekulia kwenye maulidi na nalijua dufu, ila dufu huingia sikioni, na dhol huanzia tumboni. Mzee mmoja mwenye kilemba cha rangi ya zafarani alinipaka gulal mashavuni, ile poda nyekundu inayorushwa hewani kama vumbi la kiangazi, akaniuliza natoka wapi, na kabla sijamaliza kusema Tanzania alikuwa amekwisha kunivuta kwenye duara. Nikacheza. Ndara moja ilibaki humo duarani, na sikuona haja ya kuirudia. Umati ulipoitikia "Ganpati Bappa Morya, pudhchya varshi lavkar ya", mwenzangu alinitafsiria sehemu ya mwisho sikioni: mwaka ujao njoo mapema. Sijawahi kuona mgeni akiagwa kwa kuhimizwa namna hiyo.

Usiku uliponijia na maspika makubwa yaliyopachikwa kwenye malori, niliondoka, kwa sababu kelele ile haikuwa tena ngoma. Wala sipendezwi na sanamu za plasta ambazo haziyeyuki mtoni, jambo ambalo wenyeji wenyewe hulilalamikia, na ndiyo maana wengi sasa hutumia matangi maalumu.

Kaku hakuhitaji tangi. Niliporudi, mguu mmoja peku na shati limegeuka waridi, sanamu yake ya udongo ilikuwa ndani ya ndoo barazani, mkonga umekwisha kulainika, ikisubiri kuyeyuka ili maji yake yamwagiwe maua. Alinitazama kuanzia kichwani hadi unyayoni, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniletea ndoo nyingine ya kunawia, akanionya mara mbili nisije nikakosea nikatumbukiza miguu katika ile ya Bappa.