Gauni elfu tatu, fundi elfu saba

Mi hela yangu ya nguo naigawa hivi, kidogo kwa nguo yenyewe na nyingi kwa fundi. Watu wananiuliza haya magauni ya kizamani nanunua duka gani, wengine wanadhani naagiza nje, lakini mengi yanatoka soko la mitumba la Karume pale Ilala, yale ya kumwagwa chini kwenye turubai, elfu tatu, elfu nne, ukiwahi siku wanayofungua belo unachagua, ukichelewa unakuta wenye maduka wameshapita na vizuri vyote. Kwa hiyo gauni linaweza kuwa elfu tatu na fundi akachukua elfu saba na mi naona ni sawa kabisa, maana bila fundi ile bado ni nguo ya mama mmoja wa Ujerumani aliyekuwa na mwili wake, na mimi nina wangu.

Staili yenyewe sikuitoa kwenye majarida ya nje, niliitoa kwenye albamu ya shangazi yangu Tanga, zile picha nyeusi na nyeupe zenye kingo za mawimbi. Kuna moja naipenda mno, yuko na rafiki yake studio mbele ya pazia lililochorwa minazi, ye kavaa gauni la mikono mifupi lililobana kiunoni alafu likamwagika chini kwa marinda, mkanda wa kitambaa hichohicho, shingoni ushanga wa mstari mmoja tu. Rafiki yake ana afro la nguvu na raizoni miguuni, vile viatu vya soli nene. Siku moja nikamuuliza, shangazi, kwani mlikuwa na magauni mangapi nyie, mbona kila picha mmependeza? Akasema "Ya kutokea mawili mwanangu, na la tatu la Idi. Lakini yote nilipimwa."

Yote nilipimwa. Hapo ndo nikaelewa kwa nini mi na kabati limejaa nilikuwa sipendezi vile. Wao walinunua kitambaa, wakaenda kwa fundi, fundi akazungusha futi kiunoni, kifuani, begani mpaka kiunoni, alafu wakarudi tena kujaribu. Na kitu kingine, ukikaa na mzee mwenye albamu muulize rangi, maana picha haisemi. Lile gauni mi miaka yote nilijua ni jeupe kumbe lilikuwa la njano, utepe wa bluu kwenye pindo! Zipigeni picha kwa simu mapema, karibu na dirisha bila flashi, sababu joto la pwani na unyevu zinagandisha picha kwenye ile nailoni ya albamu na ukija kuvuta inachubuka sura ya mtu.

Ila msidhani zamani ilikuwa raha tupu kwa msichana anayependa kuvaa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1969 ni marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, na hata tarehe haijafika kuna wasichana walishambuliwa Kariakoo mchana kweupe kwa sababu ya sketi. Krimu za kujichubua nakubali kabisa ziondoke, lakini kumvamia binti wa watu kisa pindo la sketi siwezi kulitetea hata kidogo. Shangazi anasema kwao walishusha pindo, wakasubiri upepo upite, wakapandisha tena, ndo maana mpaka leo nikiona gauni la miaka ile naangalia kwanza pindoni kama kuna alama ya mshono wa zamani.

Mwaka huohuo 1968 ndo kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa pale Ubungo kwa msaada wa China na watu wakavaa kanga na vitenge vya nyumbani. Baadaye, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, maisha yakabana, kitambaa kikawa cha foleni, gauni la mama likichakaa linakatwa linakuwa la mtoto. Mitumba ilianza kumiminika miaka ya kati ya 80 masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa, kwa hiyo mavazi ya kina shangazi na mitumba yetu ni vitu viwili tofauti, mi nachukua umbo la kule naliweka kwenye kitambaa cha huku.

Sasa Karume naangalia nini. Naanza na lebo. Ukikuta imeandikwa West Germany ujue nguo ni ya kabla ya 1990 maana nchi hiyo iliungana mwaka huo, ukikuta Yugoslavia au Czechoslovakia nazo ni nchi zilizovunjika mwanzoni mwa miaka ya 90. Za Marekani wakati mwingine zina kalebo kadogo ka ILGWU, hicho kilikuwa chama cha wafanyakazi washonaji wa nguo za kike, kiliungana na kingine 1995, kwa hiyo nguo yenye jina hilo haiwezi kuwa ya juzi. Alafu zipu, ikiwa ya chuma na iko ubavuni badala ya mgongoni moyo wangu unaruka. Namba ya saizi usiisome kabisa, saizi 14 ya zamani ya Marekani ni ndogo kuliko 14 ya sasa, wewe tembea na futi yako kwenye mkoba upime kiuno cha nguo palepale, muuzaji hatakasirika, wamezoea.

Fundi wangu yuko barazani Magomeni, mzee mmoja mwenye cherehani ya mguu ya Butterfly, na kukaa naye pale kumenifunza kuliko video zote. Nilimpelekea gauni moja la kijani, kubwa, lina mapedi mabegani ya miaka ya 80. Shikamoo fundi, marahaba mwanangu, akalichukua akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni taratibu mpaka chini. "Hawa wameacha kitambaa humu ndani, unaona? Za siku hizi wanakata mpaka kwenye uzi, ukitaka kuachia huna pa kuachia." Kweli, kulikuwa na karibu nchi nzima kila upande. Akachukua kile kipande chembamba cha sabuni ya kuogea kilichokwisha, ndo chaki yake hiyo, akanichora nikiwa nimelivaa, kiuno akakipandisha, mapedi akayafumua kwa wembe bila kugusa bitana, mabega yakashuka yakakaa pale yalipo mabega yangu. Kile kilichopungua ubavuni akakishonea mkanda. Nilipotoka pale wamama waliokuwa wanasubiri wote waligeuka, na lile gauni ndo mnaloniuliza kila siku.

Kitambaa nako kuwa makini. Poliesta ya miaka ya 70 rangi zake hazififii na maua yake ni matamu mno, ila haipitishi hewa, joto la Dar la Februari utalowa, mi zangu naziweka za Juni na Julai kukiwa na upepo. Kipindi cha joto pamba na rayoni tu. Na ile harufu ya mtumba haitoki kwa sabuni peke yake, iloweke kwenye maji yenye siki, ianike juani ikiwa imegeuzwa, piga pasi, alafu fanya walivyofanya bibi zetu wa pwani, chetezo na udi chini ya tenga, nguo unaitandaza juu moshi upite. Ukilivaa hakuna atakayejua limetoka kwenye belo, unanukia biharusi.

Kwenye ngozi na nywele pia nafuata njia hiyohiyo, vitu vichache, vya karibu, vinavyonifaa mimi. Nywele nasuka nyuzi au mabutu wikiendi, nikifumua napata mawimbi bila moto wowote. Mafuta ya nazi nayapika mwenyewe, unakuna nazi zilizokomaa vizuri, unakamua tui zito bila kuongeza maji mengi, unaweka moto mdogo na unakaa hapo hapo unakoroga mpaka mafuta yajitenge na yale mashapo yageuke kahawia ya dhahabu, ukizembea yakiungua mafuta yote yananuka moshi. Kwa nywele hayana mpinzani kwa kweli maana yanaingia ndani ya unywele wenyewe, ila usoni mi sipaki, kwa wengi yanaziba vinyweleo na kuleta chunusi. Chicha siitupi, nasugulia miguu na viwiko bafuni. Usoni napaka liwa, ule mti unausugua kwenye jiwe na marashi ya mawaridi kidogo mpaka utoe uji, na nikiwa na shughuli natafuta singo ya Unguja au Pemba, ile ya mawaridi, mlangilangi na karafuu wanayosuguliwa maharusi.

Hapa naomba niseme kwa uchungu kidogo. Kutengenezwa nyumbani hakukifanyi kitu kiwe salama. Mkorogo nao unatengenezwa nyumbani jamani, na umeharibu ngozi za dada zetu tunaowajua, unaanza na weupe unaishia na mabaka, michirizi na ngozi nyembamba inayopasuka hata ukijikwaruza kidogo. Limau au ndimu usoni alafu unatoka juani, hapana, ile juisi ikikutana na jua inaunguza na kuacha madoa meusi ya muda mrefu. Magadi ya kuokea mikate na uso ni maadui, ngozi inapenda uasidi kidogo na magadi yanaondoa. Piko ile nyeusi inayopakwa mikononi mara nyingi ni rangi ya nywele, kuna watu wametoka malengelenge, hina yenyewe ya majani haiwi nyeusi tii, inatoa chungwa alafu inakolea kahawia, hiyo ndo ya kweli. Na wanja wa manga wa jiwe mara nyingi una madini ya risasi, msimpake mtoto mchanga hata bibi akisisitiza, mwambieni kwa heshima. Chochote chenye maji, asali na ndizi, alovera mbichi, tengeneza cha leo, kikibaki kitupe.

Midomo ndo starehe yangu kubwa. Ile rangi nyekundu ya picha za zamani, nikizitazama zile za rangi, naipata kwenye mzingefuri, mbegu ndogo nyekundu ndani ya ganda lenye miiba laini, waliotembelea mashamba ya viungo Unguja wameshapakwa midomoni na vijana wa pale. Rangi yake inakubali mafuta, kwa hiyo mbegu vijiko viwili unazipasha kwenye mafuta ya nazi kwa moto mdogo sana mpaka mafuta yawe mekundu ya chungwa, unachuja kwa kitambaa. Alafu nta ya nyuki, mi naipenda ya Tabora, unaiparua, kijiko kimoja cha nta kwa vijiko vitatu vya yale mafuta, bakuli juu ya maji ya moto mpaka iyeyuke. Watu wa nchi za baridi wanaweka nta kidogo kuliko hiyo lakini mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto kama 24 na Dar mchana tunapita hapo karibu kila siku, ukipunguza nta kitamwagika kwenye mkoba. Mimina kwenye kikopo kikavu kabisa, tone la maji likiingia kitaharibika, kiache kigande.

Pima kwenye mdomo wako kabla hakijaganda, chovya kidole, paka, nenda dirishani utazame. Yangu ni ya kahawia iliyokolea kwa hiyo naongeza mbegu mpaka vijiko vitatu, mdogo wangu kimoja kinamtosha. Mbegu ukizikosa mjini mwagize mtu anayetoka Unguja, kamfuko kadogo kanakaa muda mrefu.