Karakana ndani ya kivinjari: kumbukumbu ya mradi wangu hadi wiki ya 14

Karakana ni programu niliyoiandika kwa C++ kwa ajili ya wanaojifunza kutengeneza programu za madirisha. Unavuta kitufe kutoka pembeni, unakiweka kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika mistari michache ya Lua, lugha ndogo ya programu, kueleza kikibonyezwa kifanye nini, basi. Mtindo huu sikuubuni mimi. Visual Basic iliusambaza mwaka 1991, Delphi ikafuata mwaka 1995, na leo Lazarus inauendeleza bure kwa yeyote anayeutaka. Mimi mwenyewe niliingia kwenye kazi hii kwa mlango huo. Niliona kitufe nilichokichora kwa mkono wangu kikinijibu, na tangu siku hiyo sijaacha.

Kinachowakwamisha watu ni kusakinisha. Wengi wanaotaka kuitumia wako kwenye kompyuta ya darasani au ya kazini, hawana ruhusa ya kuongeza programu hata moja. Wengine kompyuta ni ya kuazima. Kivinjari wanacho wote. Ndiyo maana nimeamua kuihamishia humo Karakana nzima: kihariri, ubao wa fomu, jopo la sifa, kitufe cha kuendesha programu, pamoja na chombo cha kufuatilia hitilafu. Nataka kitu kile kile wanachopata waliosakinisha, sitaki toleo la maonyesho.

Wiki ya 1

Kukompaili kulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Emscripten huchukua msimbo wa C++ na kutoa WebAssembly, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ambao vivinjari vikubwa vyote vinauelewa tangu mwaka 2017. Maktaba ya kuchora ilinisumbua siku mbili, kisha moduli, yaani faili ya WebAssembly, ikatoka bila kosa hata moja. Nikafungua ukurasa. Mweupe. Nikasubiri. Baada ya muda kivinjari kikaniuliza kama nataka kuufunga ukurasa usioitikia.

Msimbo haukuwa na kasoro. Programu ya kwenye kompyuta ina mzunguko wake usiokwisha: inauliza mfumo kama kuna tukio, likikosekana inalala, likija inalishughulikia, halafu inarudi kuuliza. Kwenye kivinjari mwenye mzunguko ni kivinjari chenyewe. Chenyewe ndicho kinachokuita, nawe ukimaliza unakiachia nafasi ya kuchora skrini na kusikiliza kipanya. Karakana ilikuwa imeingia ndani ikajifungia mlango.

Nikaukata ule mzunguko, nikaikabidhi amri ya Emscripten, `emscripten_set_main_loop`, raundi moja moja. Jumamosi jioni fomu tupu ikatokea na vitone vyake vya kupangia, kama ilivyo kwenye kompyuta yangu. Niliitazama muda mrefu kabla ya kugusa chochote.

Wiki ya 2 hadi ya 5

Furaha ile haikufika Jumatatu. Nilibonyeza Funga, na programu ikaanguka hapa:

`if (uliza("Hifadhi mabadiliko?") == NDIYO) hifadhi();`

Mstari huu unaonekana hauna neno, lakini ndani yake kuna dhana iliyojengwa kwenye kila chombo cha aina hii: kwamba msimbo unaweza kusimama ukamngoja mtu. `uliza` inafungua kidirisha na hairudi mpaka jibu lipatikane. Anaweza kujibu sasa hivi, anaweza kwenda kulala akajibu kesho. Kwenye kivinjari uzi mkuu, yaani mfuatano wa kazi unaochora ukurasa, hauruhusiwi kungoja hivyo, maana ukingoja wenyewe, hakuna wa kukichora kile kidirisha. Nikatafuta mistari ya namna hii kwenye msimbo wote. Ilikuwa 63.

Kuiandika upya yote sikutaka, kwa sababu kila mmoja ungegawanyika vipande viwili na mantiki ingetawanyika. Nikajaribu Asyncify, njia ya Emscripten inayoubadilisha msimbo ili uweze kuhifadhi mahali ulipofika, uondoke, kisha urudi pale pale. Inafanya kazi kweli, nami nawaheshimu walioibuni. Lakini moduli yangu ilinenepa karibu nusu nzima zaidi, na kuvuta vitufe kwenye ubao kukawa kuzito mkononi. Mtu anayejifunza akihisi uzito ule atadhani kosa ni lake.

Njia iliyoniokoa ni kuitoa Karakana kwenye uzi mkuu na kuihamishia kwenye uzi wa pembeni, yaani Web Worker. Huko kungoja kunaruhusiwa. Utaratibu wake ni huu. Nyuzi mbili zinashirikiana kipande cha kumbukumbu cha baiti nne. Karakana inaandika sifuri pale, inatuma ombi la kidirisha, inaita `Atomics.wait`, inalala. Uzi mkuu uko macho, unachora kidirisha cha kawaida cha HTML. Mtu akibofya Ndiyo, uzi mkuu unaandika moja kwenye zile baiti, unaita `Atomics.notify`, na Karakana inaamka ikiwa na jibu. Ile mistari 63 sikuigusa. Iko kama nilivyoiandika miaka iliyopita.

Kumbukumbu hiyo ya kushirikiana, `SharedArrayBuffer`, ina sharti. Januari 2018, udhaifu wa vichakataji vya kompyuta ulioitwa Spectre ulipotangazwa, vivinjari viliizima kwa sababu inaweza kutumika kama saa sahihi mno ya kunusa siri za kurasa nyingine. Ilirudishwa baadaye, na leo ukurasa unaoitaka lazima ujitenge na wengine: seva itume pamoja na ukurasa vichwa viwili, `Cross-Origin-Opener-Policy: same-origin` na `Cross-Origin-Embedder-Policy: require-corp`. Seva niliyokuwa nimepanga haikuniruhusu kuweka vichwa hivyo, nikahama. Nilipohama, aikoni na fonti zote nilizokuwa nazivuta kutoka kwingine zikatoweka kwa mpigo, kwa sababu kila rasilimali ya nje sasa inatakiwa iwe imeridhia. Nimezileta zote kwangu. Mtu akiniomba ushauri kuhusu hili, namwambia aweke vile vichwa viwili siku ya kwanza kabisa, kabla hajaandika kitu kingine.

Wiki ya 6

Nilimpa mdogo wangu aijaribu. Akatengeneza programu ya kurekodi alama za mchezo, fomu yenye orodha na vitufe vitatu, karibu saa mbili za kazi. Akabonyeza Hifadhi, Karakana ikamwandikia "Imehifadhiwa", akafunga kichupo. Jioni akanijia.

"Kaka, ile programu yangu ya alama iko wapi?"

Haikuwepo. Kwa kawaida Emscripten hutoa mfumo wa faili unaoishi ndani ya kumbukumbu tu. Amri ya kufungua faili, `fopen`, inakubali, ya kuandika, `fwrite`, inakubali, kila kitu kinarudisha jibu la heri, na kichupo kikifungwa vyote vinakwenda nacho. Nilijua hilo tangu wiki ya kwanza, nikaliweka la baadaye. Neno "Imehifadhiwa" lilikuwa uongo, na aliyeambiwa uongo huo ni mtu aliyeniamini. Nilimwomba radhi, nikasimamisha kazi nyingine zote.

Vivinjari sasa vina hifadhi ya faragha kwa kila tovuti, OPFS, na ndani ya uzi wa pembeni unaweza kupata kishikio cha faili kinachosoma na kuandika papo kwa papo, kama C++ inavyotarajia. Nilidhani nimefika. Kumbe kukipata hicho kishikio bado ni jambo la ahadi: unaomba sasa, unapewa baadaye, na uzi uliolala kwa `Atomics.wait` hauwezi kupokea ahadi yoyote. Karakana ikawa inalala ikingojea kitu ambacho kingefika tu kama ingekuwa macho. Nikaongeza uzi wa tatu, mtunza faili, kazi yake ni kupokea maombi ya kufungua, kusoma na kuandika. Karakana inalala, mtunza faili anafanya kazi, kisha anaiamsha.

Sasa "Imehifadhiwa" inaonekana baada ya `flush`, amri ya kusukuma data yote hadi kwenye hifadhi, kurudi, si kabla. Naomba pia hifadhi ya kudumu kwa `navigator.storage.persist()`, kwa kuwa kivinjari kina haki ya kufuta hifadhi hii diski ikibana. Kwenye vivinjari vya jamii ya Chromium, kama Chrome na Edge, mtu anaweza kuchagua folda halisi ya kompyuta yake na kuifanyia kazi moja kwa moja. Kwenye Firefox na Safari anapakua mradi wake kama faili ya zip. Nilipima kwa kuua kichupo kwa nguvu katikati ya kazi, mara thelathini. Mara thelathini fomu ilirudi kama ilivyohifadhiwa.

Wiki ya 8

Kibodi. Ctrl+S unaweza kuizuia isiende kwa kivinjari, na F5 pia, kwa hiyo F5 inaendesha programu kama mikono ya watu ilivyozoea. Ctrl+W, Ctrl+N na Ctrl+T kwenye Chromium haziguswi, ni za kivinjari. Kwetu Ctrl+W ilikuwa ya kufunga fomu. Nimeihamishia Alt+W na kuweka onyo mtu akitaka kuondoka kabla ya kuhifadhi.

Wiki hiyo hiyo nilikiacha kihariri changu cha msimbo, nikaweka CodeMirror, kihariri cha kurasa za wavuti kilichotengenezwa na wengine. Kiliniuma, kwa sababu niliandika kila mstari wake mwenyewe. Lakini maandishi yaliyochorwa kwenye kanvasi kwa kivinjari ni picha tu. Msomaji-skrini wa mtu asiyeona hayasomi, na kwenye simu kibodi haijitokezi. Chombo cha kujifunzia hakiwezi kumfungia mtu mlango namna hiyo.

Wiki ya 11 hadi ya 14

Kufuatilia hitilafu ndicho kipande nilichokiogopa tangu mwanzo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote sasa.

Programu ya mwanafunzi inaendeshwa kwenye uzi wake peke yake, na Lua mpya kila anapobonyeza F5. Akiandika mzunguko usiokwisha, naua uzi ule tu, Karakana haitikisiki. Kuna faida ya pili. Kumbukumbu ya WebAssembly hukua kwa kurasa za kilobaiti 64 na haipungui moduli ikiwa hai, hivyo kuua uzi ndiyo njia safi ya kuirudisha yote.

Lua ina `lua_sethook`, inayokuwezesha kuitwa kabla ya kila mstari kutekelezwa. Naangalia namba ya mstari. Kama mwanafunzi ameuwekea alama ya kusimama, nakusanya vigeu kwa `lua_getlocal`, navituma kwenye jopo, nalala. Ni `Atomics.wait` ile ile ya kidirisha cha wiki ya pili. Programu imesimama kabla ya mstari huo, na ukurasa wote uko hai kuizunguka.

Siku tatu nilihangaika na alama za kusimama zisizofika. Ukiweka alama kabla ya kuendesha, sawa. Ukiiweka programu ikiwa katikati ya mzunguko mrefu, inapuuzwa. Nilikuwa nazituma kwa `postMessage`, ujumbe kati ya nyuzi, na uzi ulio kwenye mzunguko, au uliolala, haufungui barua. Nimezihamishia kwenye kumbukumbu ya kushirikiana, biti moja kwa kila mstari: uzi mkuu unawasha biti, Lua inaisoma inapopita.

Jana mdogo wangu alirudi na programu yake ya alama. Ilikuwa inamtangaza mshindi aliyepata 9 mbele ya aliyepata 10. Nilitaka kumwambia kosa liko wapi, nikajizuia. Akabofya pembeni mwa mstari wa 7, akabonyeza F5, mstari ukawa wa njano. Kwenye jopo `juu` ilisomeka `"9"` na `alama` ilisomeka `"10"`, zote zikiwa ndani ya alama za kunukuu. Akaziangalia.

"Kumbe ni maandishi," akasema. "Inalinganisha herufi, kaka. Herufi 9 inakuja baada ya herufi 1."

Akaandika `tonumber`, inayogeuza maandishi kuwa namba, sehemu mbili, akaendesha tena.

Kilichobaki ni kuingia ndani ya kitendakazi hatua kwa hatua, kuchagua vitufe vingi kwa pamoja kwenye ubao, na kuingiza miradi ya zamani kutoka zip. Nimeanza na hicho cha mwisho, kwa sababu yeye ana miradi mitatu inayongoja.