Gita la kanga

Mama ana sanduku la kanga zilizochakaa, zile ambazo hazivaliki na hazitupiki. Nilipomwomba doti tano nikatengenezee gita la umeme, alinitazama kama mtu aliyeombwa sufuria ipandwe mchicha. "Kanga zangu ziwe gita, baba? Nilidhani unakuja kuniambia unaoa." Lakini alizitoa.

Wazo halikuwa la kichaa kama alivyodhani. Kwenye gita la umeme, sauti inatoka kwa nyuzi zinazotikisika juu ya sumaku. Kazi kubwa ya mwili ni kuzishika zisilegee, na nyuzi sita za kawaida zikishakazwa zinavuta kama uzito wa kilo 47 hivi. Gita la umeme la Rickenbacker lililoingia sokoni mwaka 1932 lilikuwa la aluminiamu, na kwa umbo lake watu wakaliita kikaango. Brian May, mpiga gita wa bendi ya Queen, alianza kutengeneza la kwake na baba yake mwaka 1963. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao za meko ya zamani, springi zikatoka kwenye valvu za pikipiki, na vidoti vya shingoni vilikuwa vifungo kutoka kwenye vifaa vya kushonea vya mama yake. Wenzetu walichukua kilichokuwa nyumbani. Kwetu kulikuwa na kanga.

Ukilowesha kitambaa cha pamba kwa rezini, ule utomvu wa dukani unaokauka na kuwa mgumu kama plastiki, ukapanga tabaka juu ya tabaka na kukandamiza, kikikauka unapata ubao mgumu unaokatwa kwa msumeno. Ila si kila kanga inafaa. Nilichomoa uzi mmoja mmoja na kuuchoma kwa kiberiti: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu, poliesta inayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Kanga mbili zikarudi sandukani. Kanga kuukuu ndiyo nzuri kuliko mpya, maana wanga wa dukani umeshatoka kwenye mabeseni ya miaka, na rezini inaingia vizuri.

Kosa la kwanza lilinigharimu kanga tatu. Kwa haraka zangu nilipanga tabaka ishirini na saba kwa mkupuo mmoja, nikazidisha na hadena, dawa ya kukausha rezini, ili ikauke kabla ya magharibi. Baada ya dakika chache mzigo ukaanza kupata moto, kisha ukafuka moshi, kisha nikasikia ta! Umepasuka katikati. Jirani akatoka na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Fundi mmoja wa Temeke anayeziba bampa za faiba ndiye aliyenipa somo. Nilimwamkia, nikamwonyesha lile bonge. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kijana, hii haipikwi kama ubwabwa wa shughuli, sufuria nzima. Hii ni chapati. Moja, nyingine." Rezini inapokauka inatoa joto, na ikiwa nene joto halina pa kutokea. Tangu siku hiyo nikaenda tabaka nne nne, nje ya nyumba, barakoa usoni, kanga zikiwa zimeanikwa juani kwanza kwa sababu unyevu wa Dar unaifanya rezini ibaki inanata. Tabaka kumi na sita zilinipa ubao wa milimita tano hivi. Kanga moja inatoa vipande tisa vya kutosha mwili wa gita, kwa hiyo kanga nne zikawa ubao wa mbele na wa nyuma. Katikati nikaweka mhimili wa mninga, mbao isiyopindapinda hovyo, unaoanzia kichwani na kupita hadi chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini, na pembeni fremu nyepesi yenye uwazi. Mwili wote ungekuwa rezini tupu, ningehitaji mtu wa kunibebea.

Ubao wa vidole nao ni kanga, tabaka ishirini. Hapa ndipo nilipojifunza kuheshimu hesabu. Urefu wa uzi ni milimita 648. Unagawa kwa 17.817, unapata 36.4, hapo ndipo freti ya kwanza, kile kichuma cha shingoni unachobania uzi. Inayobaki unaigawa tena, na kuendelea. Mimi nilipima kila freti kutoka kwenye iliyotangulia, kwa rula ya shule. Kila mara nikikosea nusu milimita, kosa linarithiwa na mwenzake. Freti ya kumi na mbili, inayotakiwa kuwa nusu kamili, yaani 324, ilikaa kwenye 321. Gita la namna hiyo halitaingia tyuni hata likisomewa dua. Ubao wa pili nilipiga hesabu zote kwenye karatasi kwanza, kisha nikapima zote kutoka mwanzo wa shingo: 36.4, 70.7, na kuendelea.

Freti zenyewe ni spoku za baiskeli. Nilifunga nyembe mbili za msumeno wa chuma pamoja ili mfereji uwe mpana, nikazamisha kila spoku nusu yake kwa gundi ya kuchanganya, halafu nikasawazisha kwa jiwe la kunolea. Vidoti? Vifungo vya Mama, bila shaka.

Pikapu (hii si gari, ni ile sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mtikisiko wa nyuzi) ilinila wiki mbili. Inataka waya mwembamba kama unywele, na mafundi wa mota hawana saizi hiyo. Nilibomoa transfoma za adapta za zamani, nikaunga waya zake kwa risasi, nikazungusha kwa kile kigurudumu cha kujazia bobini kwenye cherehani. Kuhesabu nilitumia kikokotoo: swichi ndogo ya sumaku nimeiunga kwenye kitufe cha alama ya sawasawa, kila mzunguko kinajumlisha moja. Waya ulikatika kwenye 3,000 na kitu. Nikaunga, nikafika 6,200. Mita ikasoma ukinzani wa kilo-omu 4.6, ndogo kidogo, lakini hai.

Nilipochomeka kwenye amplifaya ya kanisani, gita lilipiga yowe hata kabla sijagusa uzi. Waya za pikapu zilikuwa zimelegea, zinatikisika zenyewe. Nilizichovya kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani ya bakuli juu ya maji moto, na yowe likaisha. Mvumo wa umeme ulipungua nilipotandika karatasi ya aluminiamu ndani ya tundu na kuiunganisha na daraja. Sauti ni nyembamba na kali, si ya solo. Kwa rithimu ya dansi, ile ya kukatakata, ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Kanga ya mbele kabisa jina lake ni SINA SIRI NINA JIBU. Ila jina ni refu kuliko gita, na nilipokata yalibaki maneno mawili tu chini ya nyuzi: NINA JIBU.

Mama alilipakata, akasoma, akapitisha kidole. "Na siri yangu umeitupa wapi?"

Nikamwambia iko tabaka la tatu, chini ya pikapu.