Inzi na duara la mistari, Kirumba

Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika, maana karabai haifui dafu mbele ya mwezi. Ndiyo maana siku ile mjomba alikuwa kwetu Kirumba, Mwanza, mchana kutwa, akishona nyavu barazani na kutafuta mtu wa kubishana naye. Akampata kaka yangu, aliyekuwa likizo kutoka Tübingen, Ujerumani, alikokuwa akisoma baiolojia.

Kaka alikuwa ametega vidudu vya ndizi kwenye chupa ya jamu. Si wale wanaotoboa maembe na kutaga ndani. Wale ni wakubwa, na ni wa ukoo mwingine. Hawa ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaojaa jikoni ndizi zikianza kuvunda. Nikatumwa sokoni Mwaloni kuomba barafu kwa wauza samaki. Chupa ilipokaa kwenye barafu, inzi wakalala, na kaka akawakata mbawa kwa wembe, mmoja mmoja, akichungulia kwenye lenzi. Alitaka watembee, wasiruke. Mama alipita, akatazama, akasema kumbe amesomesha kinyozi wa inzi, akaenda zake.

Kifaa chenyewe kilikuwa karatasi za steshenari zilizogundishwa zikawa duara, ndani mistari myeusi na myeupe, kila mmoja upana wa vidole viwili. Tulilining'iniza darini kwa uzi wa nyavu wa mjomba. Katikati yake, juu ya kopo la maziwa, tuliweka kisahani cha kioo chenye inzi mmoja. Ukiusokota uzi na kuuachia, duara huzunguka lenyewe. Kaka alilizuia kwa kidole lisiende kasi, kwa sababu mistari ikipita haraka mno inzi haoni mwendo wowote.

Mimi nilikuwa juu ya stuli, nikitazama kutoka juu. Inzi aliamka, akasuguasugua miguu ya mbele, akajipangusa macho. Duara likaanza kwenda kulia. Hakugeuka ghafla, alipinda kidogo, akasimama, akapinda tena, mpaka njia yake yote ikawa mviringo unaofuata mistari. Uzi ulipojisokota mpaka mwisho, duara likaanza kurudi upande wa pili, naye akarudi upande huo.

"Upepo wa hiyo karatasi," mjomba akasema.

Kaka alifurahi kuliko kama angesifiwa. Akalifungua duara, akaligeuza, mistari ikabaki nje na ndani pakawa peupe. Likazunguka vilevile, na upepo wake uleule. Inzi akajiendea atakako, akafika ukingoni, akatulia.

"Basi anaikimbiza mistari."

"Hapana, mjomba. Anadhani ni yeye aliyepindishwa, kwa hiyo anajirekebisha."

Mjomba akaacha kushona. "Ukipiga kasia usiku kuelekea taa ya nchi kavu," akasema, "taa ikihamia kulia, ujue pua ya mtumbwi imekwenda kushoto. Unapinda kulia mpaka taa irudi mbele."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Hapo kaka akatusimulia habari za fukusi. Mwaka 1956 Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt walichapisha kazi yao kuhusu fukusi aliyeshikwa mgongoni asiende popote, huku miguuni amebeba tufe jepesi lenye njia panda. Mistari ikimzunguka, naye kwenye kila njia panda anachagua kushoto au kulia. Kutokana na machaguo hayo wakapata kanuni: ubongo unachukua habari ya sehemu moja ya jicho, unaichelewesha kidogo, kisha unailinganisha na ya jirani yake. Siku hizi hata seli zenyewe kwenye inzi zinajulikana, T4 na T5: moja kwa kingo za mwanga zinazosogea, nyingine kwa kingo za giza. Wakati ule mimi nilielewa fukusi tu, kwa kuwa ndugu zake walikuwa kwenye gunia letu la mahindi.

Kisha akatoa karatasi nyingine, mistari myembamba, kila mmoja haufiki sentimita moja. Duara likaenda kulia. Inzi akaenda kushoto.

Si wote, wengine walizubaa tu. Lakini waliopinda walipinda kinyume. Jicho la inzi huyu lina vijicho zaidi ya 700, na kila kimoja kinatazama upande unaotofautiana na wa jirani yake kwa nyuzi 5 hivi. Mistari ikibanana kupita kiasi, mstari mweusi ulioonwa na kijicho kimoja unafananishwa na mwenzake anayekuja nyuma, na jumla yake ni mwendo wa kurudi.

"Huyo usimpe kasia," mjomba akasema, kisha akataka tumrudishie karatasi ya mistari mipana. Halafu myembamba tena. Alikuwa anawajaribu inzi mmoja baada ya mwingine, akitafuta ambaye hadanganyiki, mpaka mama akaja na sufuria ya ugali akitaka meza yake.